Picha ya Uso, Picha ya Mahali au Mchoro: Kuchagua Jalada la Jarida la Muziki kwa Kazi ya Mwanafunzi

Mwanafunzi wa uandishi wa habari au wa usanifu jijini Arusha anayepewa kazi ya kubuni jalada la jarida la muziki huanza, mara nyingi, kwa kuuliza atumie programu gani. Swali hilo lina nafasi yake na nitalifikia, lakini halistahili kutangulia. Kinachoamua sura ya jalada, muda wa kazi, ukubwa wa herufi na hata gharama ya kuchapa ni aina ya picha itakayobeba ukurasa. Kwa kazi ya darasani njia zinazostahili kupimwa ni tatu: picha ya karibu ya uso wa msanii, picha ya msanii akiwa mahali panapomtambulisha, na mchoro. Ninazilinganisha nikimfikiria mtu mwenye simu janja ya kawaida, rafiki anayeimba, fedha kidogo na wiki chache za kazi, wala si mtu mwenye studio na taa zake.

Mahitaji fulani ni yale yale kwa njia zote tatu. Jina la jarida hukaa juu, na sababu yake inaonekana kwenye meza yoyote ya magazeti mjini: magazeti na majarida hupangwa yakilaliana, sehemu ya juu tu ikibaki wazi, na wasomaji wa kusimama, ambao ni wengi kuliko wanunuzi, husoma kile kinachochungulia. Chini ya jina huja kichwa kikuu kinachohusu picha, kisha vichwa vidogo vitatu au vinne, tarehe ya toleo, bei kwa shilingi na barkodi. Barkodi za majarida huanza kwa tarakimu 977, kwa hiyo barkodi iliyonakiliwa kutoka kwenye pakiti ya biskuti humfichua mwanafunzi mara moja mbele ya mwalimu anayejua kazi yake. Milia yake iwe myeusi juu ya weupe, kwa sababu mashine nyingi za kusomea barkodi hutumia mwanga mwekundu, na mstari mwekundu mbele ya mwanga huo ni kama haupo.

Picha ya karibu ya uso

Hii ndiyo njia iliyozoeleka zaidi katika majarida ya muziki duniani, na si kwa bahati. Uso unaomtazama msomaji machoni humsimamisha kabla hajasoma neno lolote. Mfano mashuhuri wa nguvu ya picha kwenye jalada ni toleo la jarida la muziki la Marekani, Rolling Stone, la tarehe 22 Januari 1981, lililobeba picha ya mwanamuziki John Lennon na mkewe Yoko Ono iliyopigwa na Annie Leibovitz tarehe 8 Desemba 1980, saa chache kabla Lennon hajauawa. Jalada lile halikuwa na kichwa cha habari hata kimoja. Wanafunzi wengi hupenda kuliiga wakidhani ukimya ndio uliolipa uzito, ilhali uzito ulitoka kwenye tukio lenyewe, kwenye picha, na kwenye jina la jarida ambalo wakati huo lilikuwa limekwisha kujulikana tangu mwaka 1967. Jarida la kubuni la darasani halina akiba hiyo. Mwalimu pia anataka kuona namna ulivyopanga vichwa, na jalada tupu halimpi kitu cha kupima.

Faida kubwa ya picha ya uso kwa mwenye simu ni hesabu ya pikseli, yaani vinukta vinavyounda picha ya kidijitali. Jalada la A4 lina milimita 210 kwa 297, na ukiongeza milimita 3 kila upande zitakazokatwa baada ya kuchapa, unapata milimita 216 kwa 303. Kwa ukali wa nukta 300 kwa inchi, ambao ndio kipimo cha kawaida cha uchapaji wa majarida, unahitaji picha ya takriban pikseli 2,551 kwa 3,579. Kamera ya simu ya megapikseli 12 hutoa takriban 3,000 kwa 4,000. Inatosha, lakini kwa shida: ukipiga picha ukiwa mbali, kisha ukakata ili ubaki na uso peke yake, pikseli zilizobaki zitachapwa zikiwa na ukungu. Basi msogelee msanii na uujaze uso ndani ya picha tangu mwanzo, simu ikiwa wima. Tumia kamera ya nyuma. Wala usikubali picha hiyo ikufikie kwa WhatsApp kama picha ya kawaida, kwa kuwa programu hiyo huibana na kuipunguza. Iombe kama faili la nyaraka au ichukue kwa waya.

Mwanga ndio unaowashinda wengi. Arusha na Moshi ziko karibu sana na ikweta, hivyo kuanzia saa 4 asubuhi hadi saa 9 alasiri jua huwa juu mno, na mtu aliyesimama wazi hupata vivuli vyeusi chini ya nyusi, pua na kidevu. Dawa yake ni rahisi na haina gharama: msimamishe msanii kwenye kivuli cha baraza au cha mlango mpana, uso wake ukielekea nje kwenye mwanga. Asubuhi nyingi za Juni na Julai, mawingu yanapotanda juu ya mji, mwanga huwa laini kila mahali na unaweza kupiga popote. Wenye haraka hulalamikia mawingu hayo, lakini kwa mpiga picha asiye na taa ndio msimu bora wa mwaka.

Jambo jingine ni namna simu inavyoipima ngozi nyeusi. Ukimsimamisha mtu mbele ya ukuta mweupe, kamera huuona weupe mwingi, hupunguza mwanga wa picha nzima, na uso unabaki giza lisilo na macho. Gusa uso kwenye kioo cha simu kabla ya kupiga ili kamera ipime uso na kuuacha ukuta, kisha pandisha mwanga kidogo. Ukuta wa rangi ya wastani, kama udongo, kijani cha majani yaliyokauka au buluu iliyochuja, ni salama kuliko mweupe au mweusi. Ukilazimika kutumia mandharinyuma meusi, hakikisha mwanga unatoka ubavuni ili ukingo wa shavu na nywele vitengane na giza, la sivyo kichwa kitazama ndani ya ukurasa.

Udhaifu wa njia hii ni kwamba haina mahali pa asili pa kuweka maneno, na vichwa vya habari vinavyopita juu ya shavu au jicho ni kosa ambalo hakuna fonti inayoweza kulificha. Acha nafasi pembeni mwa uso, upande mmoja zaidi ya mwingine, na uyatumie mabega na nguo kama uwanja wa kichwa kikuu. Fulana ya rangi moja isiyo na maandishi inafanya kazi kubwa hapa. Fulana yenye nembo ya timu huanzisha ugomvi na kila neno unaloandika juu yake. Kuhusu kichwa cha msanii kufunika sehemu ya jina la jarida, majarida makubwa hufanya hivyo kwa sababu msomaji hulitambua jina hata akiona nusu yake. Jina ulilolibuni wiki iliyopita halitambuliki na mtu, kwa hiyo nywele ziguse herufi moja, si zaidi.

Picha ya msanii na mahali pake

Hapa ndipo Arusha inapowapa wanafunzi wake kitu ambacho kiolezo cha intaneti hakina. Mji huu una historia yake katika hip hop ya Kiswahili: kundi la X Plastaz lilichanganya mashairi ya kufoka na uimbaji wa Kimaasai na kusikika hadi Ulaya, na baadaye Joh Makini, anayejiita Mwamba wa Kaskazini, pamoja na wenzake wa kundi la Weusi, walilipeleka jina la Arusha kwenye redio za nchi nzima. Msanii chipukizi wa Ngarenaro au Kijenge akipigwa picha kwenye mtaa wake, msomaji huelewa aina ya muziki kabla ya kusoma. Picha ya uso peke yake haiwezi kusema hivyo. Uso uleule ungeweza kuwa wa mwimbaji wa injili au wa singeli.

Lakini njia hii inadai uamuzi mgumu zaidi, nao ni wa kukataa. Mnara wa Saa umechapwa kwenye vipeperushi vya utalii kiasi kwamba ukiuweka nyuma ya msanii, jalada lako hufanana na tangazo la safari za mbugani. Mlima Meru, wenye zaidi ya mita 4,500, ni mzuri alfajiri ukiwa wazi, ila lenzi pana ya simu huufanya uonekane kama kichuguu nyuma ya bega la mtu. Wanafunzi wa Moshi hupata tatizo hilohilo na Kilimanjaro. Ukitaka mlima uwe mkubwa, rudi nyuma hatua nyingi na utumie lenzi ya kuvuta, kama simu yako inayo ya kweli. Kuvuta kwa vidole kwenye kioo hukata pikseli tu, na tumekwisha kuona kwamba za kupoteza hazipo.

Sokoni Kilombero kuna rangi na uhai, lakini kila kilo ya nyanya iliyo nyuma ya msanii ni doa litakaloshindana na vichwa vyako vya habari, mbali na kwamba wenye meza wanastahili kuombwa ruhusa kabla ya kuwekwa kwenye jalada la mtu. Kipimo ninachokipendekeza ni hiki: kabla ya kupiga, tafuta ndani ya fremu eneo moja tulivu, angalau theluthi ya picha, ambalo herufi zitakaa bila kusumbuliwa. Ukuta wa tofali usiopigwa lipu, bati lililochakaa, anga, ubavu wa basi lililoegeshwa, vyote vinafaa. Eneo hilo lisipopatikana, mahali hapo pasiwe pa jalada, hata kama panapendeza kwa macho. Pataingia ndani, kwenye kurasa za mahojiano.

Kwaya na bendi ndizo zinazoifanya njia hii iwe ya lazima. Huwezi kuweka nyuso za wanakwaya thelathini kwa ukaribu, na ukiwapanga mistari mitatu mbele ya kanisa unapata picha ya kumbukumbu ya ubatizo. Mimi ningewasogeza mbele waimbaji wawili au watatu, wengine wakibaki nyuma bila ukali, mavazi yao yakitoa rangi ya ukurasa. Ukungu wa nyuma unaotengenezwa na programu ya simu hula kingo za nywele za msokoto na masikio, hivyo ni bora kuwatenganisha kwa umbali halisi wa mita kadhaa kuliko kuitegemea simu ibuni umbali usiokuwepo.

Mchoro

Mchoro una wafuasi wake na haki yake. Nchi hii ina mtindo wa Tingatinga, uliopewa jina la Edward Saidi Tingatinga aliyeanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 kwa rangi za kung'aa za mafuta juu ya ubao, na michoro ya aina hiyo imejaa kwenye maduka ya sanaa ya Arusha. Jalada la mchoro lina faida tatu: halimtegemei msanii anayeahirisha miadi, nafasi ya maneno hupangwa kabla ya mstari wa kwanza kuchorwa, na likichorwa kwa programu ya mistari kama Inkscape hukuzwa kwa kiasi chochote bila kupoteza ukali.

Hasara yake ni kubwa kuliko inavyofikiriwa. Sura ya mtu ni ngumu kuichora ikatambulika, na jalada ambalo msomaji anauliza «huyu ni nani?» limeshindwa kazi yake. Pia masharti mengi ya kazi za namna hii hutaka picha mnato zilizopigwa na mwanafunzi mwenyewe, kwa hiyo soma karatasi ya maelekezo kabla ya kununua kalamu. Picha zinazotungwa na akili mnemba siziweki kwenye kundi la michoro: hazionyeshi mkono wako, na bado zina tabia ya kutoa gitaa lenye nyuzi nane. Wala usichore kwa kufuatisha picha ya msanii maarufu uliyoipata mtandaoni. Picha ni kazi inayolindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na kuifuatisha kwa kalamu hakuifanyi kuwa yako.

Uamuzi wangu

Kama una msanii mmoja na simu moja, chagua picha ya uso. Inasamehe zaidi, hukamilika ndani ya saa moja ya mwanga mzuri, na ikiharibika hurudiwa kesho yake kwenye baraza ileile. Kama muziki unaouandikia una mtaa wake, au kama wahusika ni kundi, chagua mahali, lakini jipe siku ya kutembea bila msanii ukitafuta ukuta. Mchoro uchaguliwe na mtu ambaye tayari anachora. Kujifunza kuchora na kujifunza kusanifu ndani ya wiki zilezile ni mzigo wa watu wawili.

Maneno juu ya picha

Kanga ina pindo, mji na jina, na aliyeizoea hajiulizi macho yaanzie wapi. Jalada zuri nalo lina mpangilio wa ngazi kama huo, ambapo picha ni mji, vichwa vidogo vinazunguka kama pindo, na kichwa kikuu ni lile jina linalosomwa kwa mbali. Tatizo linaanza pale mwanafunzi anapochukua kiolezo kilichotengenezwa kwa lugha yenye maneno mafupi. Kichwa cha «Wanamuziki wanaoitikisa Kaskazini» hakiingii kwenye kisanduku kilichopimwa kwa maneno ya herufi nne, na kukipunguza hadi kiingie kunakifanya kisisomeke. Suluhisho ni fonti iliyobanana kwa upana lakini ndefu kwa kimo, pamoja na kuandika kichwa upya badala ya kukifinya: «Kaskazini inatikisika» ni maneno mawili na yanatosha.

Fonti mbili zinatosha kwa jalada zima. Fonti ya kichwa kikuu ijaribiwe kwanza kwa neno lenye ng', kama «ng'aring'ari», kwa sababu fonti nyingi za mapambo hazina alama ya ritifaa na huacha pengo au kisanduku kitupu. Jarida la Kerrang! la Uingereza, lililoanza mwaka 1981 kwa ajili ya muziki mzito wa gitaa, lilizoea kujaza jalada lake maneno na picha ndogo hadi ukingoni na jina lake limechorwa kama kioo kilichopasuka. Fujo ile ni ya makusudi na inafanana na muziki wake. Kuipeleka fujo hiyo kwenye jalada la taarabu au la kwaya ni sawa na kutangaza muziki usio wako. Vibe, jarida la Marekani lililoanzishwa na mtayarishaji wa muziki Quincy Jones mwaka 1993, lilifuata njia tofauti ya picha kubwa na maneno machache, na kwa bongo fleva na hip hop njia hiyo ndiyo ningeanza nayo.

Programu na uchapaji

Canva hufanya kazi kwenye simu, ina toleo lisilolipiwa, na inakubali vipimo unavyovitaka. Inachohitaji ni bando na nidhamu ya kuanza na ukurasa mtupu, maana mwalimu amekwisha kuviona violezo vyake vyote. Photoshop ina uwezo mkubwa zaidi wa kurekebisha ngozi na kingo za nywele, lakini hulipiwa kila mwezi na huielemea kompyuta yenye kumbukumbu ndogo. GIMP hufanya sehemu kubwa ya kazi hiyo bure na bila intaneti baada ya kuipakua, ingawa menyu zake zinachosha mwanzoni. Scribus ni ya kupanga kurasa, nayo ni bure. Microsoft Publisher bado imo kwenye kompyuta nyingi za vyuo na steshenari, ila Microsoft imetangaza kuacha kuihudumia Oktoba 2026, hivyo sioni sababu ya kuanza kujifunza nayo leo. Kwa picha ya uso ningerekebisha mwanga kwa Snapseed kwenye simu na kupanga maneno kwa Canva. Kwa picha ya mahali, ambako kuna madoa mengi ya kufuta, GIMP inastahili jasho lake.

Utasikia ushauri kwamba lazima faili liwe kwenye rangi nne za wino wa uchapaji, jambo ambalo Canva huliruhusu kwa wanaolipia tu. Kwa nakala mbili tatu zinazotoka kwenye printa ya leza ya steshenari, PDF ya kawaida inatosha, kwani printa hugeuza rangi yenyewe. Unachopaswa kukiogopa ni kijani na buluu zenye kung'aa sana, ambazo kwenye kioo huwaka na kwenye karatasi hufifia, pamoja na vivuli vya uso, ambavyo printa huvifanya vizito zaidi. Chapa jaribio moja kwenye karatasi ya kawaida ya gramu 80, lilete dirishani, na kama macho ya msanii yamezama, pandisha mwanga wa sehemu za picha zisizo nyeusi sana wala nyeupe sana kabla ya kulipia karatasi ya kung'aa ya gramu 150 au zaidi.

Printa nyingi za A4 haziwezi kuchapa hadi ukingoni. Huacha mstari mweupe pande zote, na jalada lenye fremu nyeupe isiyokusudiwa huonekana kama fotokopi. Mwombe fundi achape kwenye A3, yenye milimita 297 kwa 420, akiwa ameacha alama za kukatia, kisha akate kwa mashine hadi A4. Maneno yote yakae angalau milimita 5 ndani ya mstari wa kukata, na bei pamoja na barkodi zaidi ya hapo, kwa kuwa kisu cha steshenari yenye foleni hakifuati milimita.